Dira ya Wytske

Kila kiangazi Wytske huwavusha wageni kwa miguu hadi kisiwa anakoishi, Ameland, maji yakiwa yamekupwa. Kabla hawajakanyaga tope huwaonya: ukungu ukishuka, aminini dira, msiamini miguu.

Leo ukungu ulishuka wakiwa katikati. Dira ilisema kisiwa kiko kushoto. Moyo wake wote ulisema kulia, na maji yalikuwa karibu kurudi. Akaitikisa dira, akaigonga. Kushoto vilevile.

"Nadhani imeharibika," alinong'ona.

"Ala, dada!" Gerrit, mzee mmoja wa wageni, akacheka kwa woga. "Si ulitufokea pale ufukoni? Au dira ni ya sisi wageni tu?"

Wytske akashika kushoto, huku kila hatua ikimwambia anawapeleka watu wakazame, mpaka nyasi za kisiwani zikamgusa magoti.

"Nilijua tu!" Gerrit akapiga kelele.

Wageni walikumbatiana. Wytske alikwenda nyumbani, akasimama nje na ufunguo mkononi, bado akihisi kwamba mlango wake ulipaswa kuwa upande wa pili.