Vitone vya Temenuzhka

Kwa miaka thelathini na moja Temenuzhka Gancheva alihesabu vitone vya kijani, na katika maabara yao pale Plovdiv hakuna aliyethubutu kuvihesabu upya baada yake. Ukitazama kwenye hadubini, kila kitone ni mahali ambapo uzi wa DNA umekatika ndani ya seli, na vimeng'enya, hao mafundi wadogo wa mwilini, wamekusanyika kuuunga. Wakimaliza hutawanyika, na kitone kikazimika.

Wiki moja ililetwa kazi ya kupima seli za Elitsa, mtoto wa miaka sita mwenye uvimbe kichwani. Madaktari walitaka kumtibu kwa mionzi. Lakini wapo watu wachache ambao mafundi wao hawaungi, na hao mionzi huwamaliza. Basi baadhi ya seli za mtoto zilipigwa mionzi, zikaachwa siku nzima. Kama mafundi ni wazima, katika kila seli vingebaki vitone viwili, labda kimoja.

"Kumi na mbili," alisema Temenuzhka.

Daktari Kaloyan wa maabara hiyo, ambaye haishi kumtania, safari hii alinyanyua simu. "Basi. Nawapigia hospitali, mionzi isitumike."

"Hebu weka simu chini, mwanangu. Seli zake ambazo hazikupigwa mionzi sijazihesabu."

"Mama Temenuzhka, zile hazikuguswa!"

"Ndiyo maana nazitaka."

Akahesabu, midomo ikimchezacheza. Kumi na moja.

Zimekatwa na nini, basi? Akainua macho, na hapo dirishani akaona chupa ya chakula cha seli, yenye maji ya rangi ya waridi, imesimama juani. Jumatatu, kesho yake ya sikukuu ya wenye majina ya maua kama lake, wenzake walimvamia wakipiga kelele, "Jina lako liishi, liwe na afya!" Naye kwa furaha akaitoa chupa kwenye jokofu ili keki yake ipate nafasi. Jua likakigeuza chakula sumu, na yeye mwenyewe akazilisha seli kwa chupa hiyo hiyo.

Angeweza kusingizia chupa ilikuja mbovu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na keki yangu."

"Ile ya jozi?"

"Ile ile uliyokula vipande vitatu, kwa hiyo usinitolee macho."

Hospitali ikakubali kungoja siku tano. Chupa mpya ikafungwa kwa karatasi nyeusi, kazi ikaanza upya. Siku ya tano akahesabu seli mia mbili: sifuri, moja, mbili, sifuri. Hakutaja jumla. Akamsogezea Kaloyan kiti.

"Hesabu na wewe."

"Mimi? Nihesabu baada yako?"

"Ni kichwa cha mtoto. Kaa."

Alichukua saa nzima, Temenuzhka amesimama nyuma yake mikono kifuani. Mwisho akataja namba.

"Ndiyo hiyo," alisema Temenuzhka, akafunua daftari: mia moja na themanini na nne, kwa wino wake. "Sasa piga simu. Waambie mafundi wa Elitsa ni hodari."