Namba Saba ya Baba

Baba yangu alicheza winga ya kulia katika timu ya kiwanda cha magunia, Morogoro mjini. Kiwandani aliajiriwa kama fundi, lakini mashine zenyewe alizisikia kwa mbali tu. Kazi yake ilikuwa mpira. Nikienda naye sokoni, akina mama wa mboga walimwita kwa namba ya jezi yake. "Saba! Njoo uchukue nyanya, baba." Nami nilitembea kifua mbele.

Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Shamba alilolima baba milimani lingekwenda kwa watoto wa dada zake, si kwangu. Alinieleza hilo waziwazi nikiwa bado nasoma.

"Ardhi utapewa na wajomba zako," alisema. "Mimi nina mpira tu. Huo ndio nitakaokuachia."

Na kweli alinifundisha. Alinipeleka kwenye mteremko, akaniamuru nipande na mpira miguuni bila kuutazama. Nikiangusha krosi fupi aliniita mzembe, nikarudia tena hadi mguu ukawaka moto. Sikumchukia. Niliamini napokea urithi.

Zikaja siku za ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa milango. Magunia ya plastiki yaliingia kwa wingi, kiwanda kikayumba, kisha kikauzwa kwa mwekezaji aliyefunga geti na kung'oa mashine. Baba alipunguzwa kazi pamoja na wenzake. Timu ingekufa siku hiyohiyo kama si mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyejitokeza kuifadhili. Alinunua jezi, akakodi basi, akampa baba kazi ya ukocha. Mimi nilisajiliwa mwaka huohuo, nikapewa namba saba. Msimu wa kwanza tulicheza vizuri, na watu walianza kusema damu ni ileile.

Msimu wa pili mfadhili alimleta mwanawe. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vizuri kuliko vya sisi wote, na mguu wa kawaida tu. Mazoezini alikaa benchi, naye hakulalamika.

Mechi ya kwanza ya ligi tulicheza nyumbani. Ilisemekana watu wa timu kubwa ya Dar es Salaam wangekuwepo jukwaani kutafuta winga. Katika chumba cha kuvalia jezi baba alisoma majina ya wanaoanza. Alipofika namba saba alimtaja mtoto wa mfadhili, akaendelea na namba nane kwa sauti ileile. Hakuniangalia. Jezi ilipita mbele yangu. Kijana yule aliipokea kwa aibu, akaninong'oneza, "Kaka, mimi sikuomba. Mzee wangu ndiye anayetaka."

Nilikaa benchi mpaka filimbi ya mwisho. Tulifungwa, na wageni wa Dar waliondoka kabla mechi haijaisha.

Nyumbani nilimkuta baba anavua viatu mlangoni.

"Baba, kwa nini?"

"Baba yake ndiye anayetulisha."

"Na mimi?"

Aliweka viatu chini, kimoja kando ya kingine. "Wewe ni mwanangu," alisema. "Wewe utanisamehe. Yule nikimkera, hanisamehe."

Nadhani alifikiri ameniambia jambo la upendo. Mimi nilisikia kwamba nimekuwa mtu wa kuumizwa kwa sababu siwezi kumfanya chochote. Mama alikuwa jikoni, akaendelea kupepeta mchele. Wiki hiyohiyo niliacha timu, nikapanda milimani kwa wajomba zangu, upande wa Mgeta, nikaomba sehemu ya kulima. Walinipa bila maswali.

Kabla msimu haujaisha mfadhili aliuza nafasi ya timu katika ligi kwa watu wa mkoa mwingine. Baba hakuambiwa. Alifika mazoezini na filimbi shingoni, akakuta uwanja mtupu, na kijana mmoja akamwambia nyavu na mipira vimechukuliwa tangu asubuhi.

Miaka ilipita. Mama alipofariki, baba aliugua miguu, na dada zake hawakuwa na nafasi ya kumtunza. Nikamchukua, akaja kuishi kwangu, kwenye ardhi ya wajomba zangu. Jumapili baada ya misa wazee walipita kumsalimu, wakikumbushana mabao yake. Siku moja aliwaambia, nami nimesimama palepale na beseni la kabichi, "Huyu alikuwa na mguu mzuri kuliko wangu. Ila hakuwa na subira."

Nilitaka kumuuliza kwa nini maneno yale ya mguu hakuyasema mbele ya mwenye basi na jezi. Na hiyo subira, ningesubiri nini? Niliingia ndani, nikamtilia uji, nikampa kikombe mkononi. Aliniambia, "Asante, mwanangu." Nilijibu, "Haya, baba." Hatukuzungumza mpira tena mpaka alipozikwa.

Mwanangu sasa anasoma chuo pale Morogoro mjini, mambo ya mifugo. Mpira anautazama kwenye televisheni, timu za Uingereza. Likizo iliyopita aliniuliza babu alikuwa mchezaji wa namna gani.

"Alikuwa mzuri sana," nilimwambia.

Alingoja niendelee. Nilichukua jembe nikaenda kufungulia maji shambani.