Mama mkwe na nailoni ya taa

Jamani, mama mkwe amenimaliza leo!

Jana fundi hapa Kasese alinibandikia nailoni angavu kwenye taa za gari, ile ya kuzikinga na mawe ya barabarani. Leo tukaenda Bwera, kwao mke wangu.

Natoka kula sombe, nakuta mama mkwe amechuchumaa mbele ya gari, anaibandua kwa kucha!

"Mukwe, motokari mupya unaiacha na nailoni? Sasa itaona muzuri."

Nyinyi mungemwambia nini mama mkwe? Mimi nilisema aksanti mama.

Tukirudi, lori likaturushia jiwe. Pwaa! Taa moja kwisha.

Sasa hivi amepiga simu: "Mulifika muzuri?"

"Muzuri sana, mama. Gari inaona."

Sikumwambia ni kwa jicho moja.