Firigisi ya Kapteni

Mimi nina maoni, na watu wa Bungoma wanaonijua huvuta viti nikianza kuyatoa, wengine wakisogea karibu na wengine wakisogea mbali. Nina maoni kuhusu siasa, kuhusu haki za wale walio wachache, na zaidi ya yote kuhusu voliboli ya vyuo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nafundisha katika chuo kimoja upande wa Kibabii, na kwa miaka mingi nimekuwa kocha wa timu ya wasichana. Ukiniuliza nchi hii inaendeshwaje, sitakupeleka bungeni. Nitakupeleka nyumbani kwangu siku timu inapomchagua kapteni.

Siku hiyo ina mila yake, na mila hiyo niliianzisha mimi kwa hasira. Nilizaliwa Saboti, katika nyumba ambamo kuku akipikwa, firigisi ni ya baba. Imondo, kama tunavyoiita kwetu, haikuguswa na mwanamke. Mama alimkimbiza kuku uani, akamnyonyoa, akampika, akaiweka firigisi juu ya vipande vingine ili baba aione kwanza, kisha yeye akala shingo. Nilipokabidhiwa timu tulifanya karamu ya kufungua msimu, na mpishi akaiweka firigisi mbele ya mwalimu mmoja wa kiume ambaye mwaka mzima hakuwahi hata kututolea mpira stoo. Niliichukua kwenye sahani yake kwa mkono wangu nikampa kapteni. Yule bwana alibaki ameshika uma. Tangu hapo, kila msimu wasichana huja kwangu, wanapiga kura, kuku wanachinjwa, na aliyeshinda anakula firigisi ya jogoo mkubwa wenzake wakimpigia makofi.

Msichana ninayetaka kumsifu alitoka Kitale. Ni Mwislamu, wa familia inayokaa mjini nyuma ya msikiti. Wazee wake wamezikwa Kitale, baba yake alizaliwa Kitale, naye ukimwuliza kwao ni wapi atakwambia Kitale. Lakini sisi tuna ugonjwa. Mtu wa aina yake akisema Kitale tunamwuliza, "Sawa, lakini kwenu hasa?" Wenzake walipoomba vitambulisho walivipata, wakapiga navyo picha. Yeye aliambiwa alete cha babu yake. Akakileta. Akaambiwa amlete babu mwenyewe.

"Babu alishakufa, Madam," aliniambia huku akicheka. "Ama nimfukue?"

Mimi sikucheka. Nilitukana kwa Kibukusu, lugha ambayo kwa kazi hiyo haina mpinzani. Kitambulisho kilitoka mwishowe, lakini hasira yangu bado haijaisha.

Uwanjani yeye ni seta. Kwa asiyeujua mchezo, seta ndiye anayeupata mpira wa pili na kuuinua ili mwenzake aupige. Watu hushangilia mpigaji, na seta anarudi mahali pake akipangusa mikono. Huyu binti anacheza amefunga kitambaa kichwani, na suruali ya kubana chini ya kaptura, na sijawahi kufundisha mikono kama ile. Mpira mbovu ukimfikia unatoka mzuri. Nimeona wasichana wa kawaida kabisa wakionekana mabingwa kwa sababu yake tu.

Kwenye karamu zangu alikuwa anakula mayai. Alituambia tangu mwanzo kwamba kuku humsumbua tumbo. Bungoma mtu akisema hali kuku tunampa pole, na wasichana walimtania bila kuchoka, ati ametoka mbali kuja kula mayai na mama za hayo mayai wakiwa mezani. Alicheka nao. Nikawa namchemshia mayai yake kila msimu, na nilimwamini, maana nani atadanganya kuhusu kuku?

Kisha tukaenda kucheza Kitale. Ilikuwa mechi ngumu, na mashabiki wa nyumbani walikuwa moto. Jamaa mmoja aliyekuwa karibu na mstari alikasirishwa na seta wetu, akapaza sauti, "Huyo arudishwe kwao!" Nyuma yake alikuwa amesimama mama mzee aliyejitanda leso ya manjano. Alimgusa bega kwa upole.

"Kwao ni hapo nyuma ya msikiti, baba," akamwambia. "Nimemwachia chai jikoni. Wewe kwenu ni wapi?"

Watu waliangua kicheko hadi refa akageuka. Huyo ndiye nyanya yake. Tuliposhinda, hakutuuliza kama tuna njaa. Alituongoza timu nzima hadi kwake, tukaketi mikekani, ikaletwa pilau ya kuku. Nami nilikuwa nimepeleka kijiko mdomoni nilipomwona seta wangu, yule wa tumbo, akimaliza paja na kunyoosha mkono kuchukua jingine.

Nilimngoja nje, tukisubiri gari.

"Tumbo likoje?" nikamwuliza.

Aliinamisha kichwa, kisha akacheka. "Liko sawa, Madam."

"Kumbe ni mambo ya kuchinja."

"Si ningesema, mngeanza kunipikia kando," akasema. "Ati sufuria yake ile pale, msichanganye mwiko. Nikae kando kama mgonjwa? Nikaona heri mayai, angalau tunakaa meza moja."

Nilimwambia kwamba karamu inayofuata nitawaeleza wasichana mwenyewe, na jambo litaisha siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa.

"Hapana, Madam. Ukisema wewe, itakuwa umeniombea. Mwaka huu mimi nataka ukapteni, na kapteni hakulangi mayai. Nitasema mwenyewe."

Nilipanda gari nikiwaza maneno yake. Nimewasikia wanasiasa wengi wakihutubia kuhusu wanyonge, tena kwetu hata mazishi hayaishi bila mwanasiasa kushika kipaza sauti. Wote huzungumza kana kwamba haki ni kitu walicho nacho mfukoni, wakipenda wanakumegea. Huyu binti alijua tofauti ya haki na hisani akiwa bado hajamaliza chuo. Nilimpenda siku ile kama mwanangu.

Mpinzani wake alikuwa binti wa Chwele, mrefu, anayezuia wavuni kiasi kwamba mpira unarudi ulikotoka. Baba yake anauza kuku sokoni Chwele, na yeye mwenyewe akimshika kuku anakwambia uzito wake bila mizani. Naye nampenda, nisidanganye. Lakini wapambe wake walikuwa wapambe wa kweli wa siasa zetu. Kwenye kundi la timu la WhatsApp zikaanza kutumwa jumbe: kapteni awe wa nyumbani, kapteni awe mtu wetu, atakayekula imondo ya watu. Binti wa Chwele hakuziandika yeye. Alizisoma tu, akanyamaza, kama wagombea wengi wanavyofanya.

Kuna msemo tunaoupenda sana wakati wa kura: wengi wape. Watu huutaja kana kwamba ni amri ya Mungu. Maoni yangu ni kwamba wengi wapewe walichoomba kwenye kura, basi. Hawakuomba sahani ya mtu mwingine.

Siku ya karamu kuku walifika kwa bodaboda kutoka Chwele, miguu imefungwa, vichwa vinaning'inia, wanalalamika njia nzima. Tukawaweka uani chini ya mparachichi. Kwetu kura hutangulia kuchinja, na kapteni mpya ndiye hushika kisu kwanza na kumkabidhi atakayechinja, yeyote asiyeogopa damu. Kabla ya kura kila mgombea husema neno. Binti wa Chwele alisema atatufikisha fainali, akapigiwa makofi. Kisha akasimama wa Kitale.

"Mimi nawadanganyanga," akaanza. "Kuku hainisumbui tumbo. Mimi napenda kuku kuliko nyinyi wote. Lakini kwa dini yangu nakula ile imechinjwa na Mwislamu. Nimekaa hapa nikila mayai nikiogopa mtaniona ni kama naleta shida. Sasa nimechoka. Nyanya alinifunza kuchinja. Hiki kisu nipeni mimi leo, nichinje kuku yote, tule sote sufuria moja. Hiyo naomba nikishinda, na nikishindwa bado naomba. Ama siombi. Nasema tu."

Akaketi.

Msichana mmoja wa kanisa lenye masharti mengi aliinua mkono. "Madam, ati tubadilishe mambo yote juu ya mtu mmoja? Na sisi pia si tuko na dini?"

Swali lake halikuwa la kijinga, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kulijibu kwa ukali usiofaa, lakini binti wa Chwele alinitangulia.

"Wewe, si ulikula harusi ya dada yangu?" akamwuliza.

"Nilikula."

"Ulikula mara ngapi?"

Wenzake wakaanza kucheka. Yule msichana akasema alikula vizuri.

"Ile ng'ombe ilichinjwa na jirani yetu Mwislamu. Hata hizo kuku. Kwetu Chwele sherehe ikiwa na watu mchanganyiko, kisu anapewa yeye, ndio kila mtu akule. Baba hufanyanga hivyo tangu nizaliwe. Na wewe hukusongwa, bana, uliongeza!"

Uani pakawa na vicheko, hata mlalamikaji mwenyewe akafunika uso. Lakini kicheko si kura. Niligawa karatasi, wakaandika, nikazisoma mbele yao moja baada ya nyingine, na kabla sijafika katikati nilijua. Binti wa Chwele alishinda, na si kwa kubahatisha. Wa nyumbani walimpigia wa nyumbani.

Niliumia. Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Nilitaka ashinde yule wa Kitale, na kocha hapaswi kutaka, lakini mimi nilitaka. Niliwaza: sasa itakuwa kama huko kwetu kwingine kote. Aliyeshindwa atashindwa kila kitu. Watamwambia wengi wameamua, na nitamwona tena akimenya yai mbele ya wenzake, safari hii kila mtu akijua kwa nini. Yeye mwenyewe alikuwa ameinuka kumpa mshindi mkono, kwa sababu asiyekubali kushindwa si mshindani, kisha akarudi kwenye benchi na kukaza macho kwenye kisu kilichokuwa mezani. Alikuwa ameshaipoteza kura. Alikuwa anangoja kujua kama amepoteza na nafasi yake mezani petu.

Kapteni mpya alikiokota kisu. Wapambe wake walikuwa wanaimba, na mmoja akamtania kwa sauti ya juu kwamba kura imeshaamua, kwa hiyo mayai yapikwe. Aligeuka haraka.

"Kura ni kura, kuku ni kuku," akasema. "Usichanganye."

Akatembea hadi kwenye benchi, akamwelekezea seta wetu mpini.

"Chinja. Na ufanye haraka, watu wana njaa."

Sikuona msamaha pale wala zawadi. Hakumkumbatia, hakutoa hotuba. Alimkabidhi kisu kama anavyokabidhiwa mtu kazi yake, na ndiyo sababu nawasifu wote wawili hadi leo. Binti wa Kitale alikaza kitambaa chake, akamgeuza jogoo kaskazini, kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Aliyemshikia mbawa alikuwa yule wa kanisa la masharti. Alifumba macho tu.

Tulikula jioni, ugali na kuku wa sufuria moja. Firigisi iliwekwa mbele ya kapteni, makofi yakapigwa, naye akaanza kuila polepole kwa madaha. Aliyekaa mkabala naye alikuwa binti wa Kitale, akivunja mfupa wa paja kwa meno.

"Ni tamu?" akamwuliza kapteni.

"Tamu sana."

"Itafune vizuri. Mwakani ni yangu."

Kapteni aliacha kutafuna kidogo. Kisha akacheka, akaivuta sahani karibu na kifua, na kuifunika kwa kiganja.

Yale mayai niliyokuwa nimechemsha asubuhi, endapo mambo yangeharibika, yalibaki kwenye bakuli la seta wetu mwisho wa meza. Hakuna aliyeyagusa. Niliyala mwenyewe kesho yake na chai.