Ngozi ya Shimba

Wanaosema Zipora binti Nkwabi alikuwa mchawi waje waniambie mimi, niliyefanya naye kazi miaka tisa katika zahanati ya kambi ya machimbo, upande wa Geita. Mchawi gani anashinda na malengelenge ya uji wa moto vidoleni? Mimi, Athanas, niliandika majina ya wagonjwa, yeye alitengeneza kapsuli, na chumba chetu kilikuwa kimoja. Nilichokiona nilikiona.

Alizaliwa Segese, akasoma misheni hadi darasa la nne, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akaja kambini kumpikia kaka yake Mabula aliyekuwa mchimbaji. Daktari alimpa kazi ya kuosha chupa. Kisha vita vikaanza na meli hazikuleta tena kapsuli za dawa ya safura. Dawa yenyewe ilikuwepo, mafuta makali ya minyoo, lakini mtu aliyepewa kwa kijiko aliyatapika kabla hajafika mlangoni. Wanaume wazima walivimba nyuso, viganja vikapauka, wakashindwa hata kunyanyua sururu. Kila wiki tulizika.

Ndipo daktari akamfundisha Zipora kuzitengeneza kwa mkono. Vipande vya ngozi kutoka kwa mchinjaji vililowekwa kwenye chokaa, vikaoshwa mpaka vikaacha kunuka, vikachemshwa kutwa nzima kwa moto mdogo, vikachujwa. Uji ule ukiganda ndiyo jelatini. Zipora aliuyeyusha tena pamoja na gliserini ili gamba liwe laini, akachovya ubao wenye pini za shaba, kila pini ina kichwa kama punje ya njugu mawe. Aliuinua ubao, akaugeuzageuza hadi gamba lishike, akayavua magamba moja moja, akayajaza mafuta kwa bomba dogo, kisha kwa brashi akatia tone la mwisho la kuziba tundu. Mkono wake haukutetemeka hata siku moja.

Mwaka 1943 ngozi zilikwisha. Wanunuzi walizizoa zote kwa ajili ya viatu vya askari, na mwezi uleule Mabula akaanguka kwa safura.

Baba yao, mzee Nkwabi, alikuwa na ngozi moja darini. Kwa Wasukuma wa kule kwao, mwenye mji huzikwa amefungwa katika ngozi ya fahali wake mwenyewe. Fahali wa mzee, mweusi tii, aliitwa Shimba, yaani simba. Alikufa wakati wa ukame, na mzee akaitunza ngozi ile kwa siku yake, akiipaka samli kila masika. Zipora alikwenda Segese, akangoja mzee apeleke ng'ombe kunywa maji, akaishusha. Alijiambia baba bado ana nguvu, na ndama wa Shimba anakua, ngozi nyingine itapatikana. Hilo ndilo kosa lake, na hakunificha.

Ilitoa jelatini nzuri kuliko zote tulizowahi kuona. Iliyobaki aliianika, akajaza vipande vikavu debe zima. Ila ilikuwa kaidi. Kapsuli zake hazikupoa. Zililala kwenye beseni la maji ya mtungi, na asubuhi nilipozishika nilizikuta vuguvugu, kama mayai yaliyotoka chini ya kuku. Nikamwambia daktari. Akasema ni joto la mkono wangu. Haya, daktari, mkono wangu.

Wagonjwa arobaini na mmoja walipewa, Mabula akiwa wa kwanza, na kwa muda wa miezi miwili wote walipata nafuu. Lakini kila aliyejilaza mchana baada ya kumeza aliamka na swali lilelile: yule mzee aliyesimama mlangoni bila nguo anamtafuta nani? Marselino, mtu wa Bukoba asiyejua neno la Kisukuma, alieleza hata sikio la kushoto lililochanika. Zipora aliweka brashi chini akatoka nje. Sikio lile nililijua hata mimi, maana mzee Nkwabi aliwahi kuja kambini akaniomba tumbaku.

Kesho yake Zipora na Mabula walikwenda kwao. Mabula ndiye aliyenisimulia. Walimkuta mzee ameketi juani, saa sita ya mchana, amejifunga mablanketi mawili na bado anatetemeka.

"Shikamoo, baba," akasema Zipora.

"Marahaba, mayu, mama yangu. Nishushie ngozi yangu. Nasikia baridi tangu mtama ulipoanza kuchanua."

Ndiyo wiki ileile Zipora alipowasha moto chini ya sufuria ya ngozi. Zipora akapiga magoti akamweleza yote. Mzee hakumgombeza. Alimtazama Mabula usoni kwa muda mrefu.

"Imeingia kwa watu wangapi?"

"Arobaini na mmoja, baba."

"Basi nina safari ndefu," akasema. Siku ya tatu akafariki.

Wazee wa ukoo wakagoma kumzika bila ngozi. Mabula akapanda baiskeli kuja kambini, na kesho yake adhuhuri mimi naye tulikuwa Segese na lile debe. Zipora akaviyeyusha vipande vyote, akaingia alipolazwa baba yake, jambo ambalo binti haruhusiwi, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Akaanza kumpaka kwa brashi ileile, tangu utosini. Alipaka, akangoja gamba lishike, akatuomba tumgeuze, akapaka tena, vilevile alivyofanya na ubao wa pini. Gamba lilikuwa jembamba, la rangi ya asali, na chini yake niliziona nyusi za mzee na lile sikio. Nilipoingiza mikono kumgeuza, mgongo wake ulikuwa vuguvugu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na siogopi kusema hivyo.

Haikutosha. Jelatini iliishia kwenye vifundo vya miguu. Zipora alikwangua sufuria kwa kucha, akapata tone moja tu. Tukamzika nyayo zikiwa wazi.

Mwaka 1951 Marselino aliniandikia barua kutoka kwao. Mzee mmoja, peku, alipita kwake mchana, akamwekea kiganja tumboni, akaenda zake. Tangu siku ile Marselino anasikia baridi hata akikaa jikoni. Baadaye ikaja barua ya Donatus, kisha ya Eustace, nao ni wa wale arobaini na mmoja, na maneno ni yaleyale. Nilimpelekea Zipora zote tatu. Nilimkuta anapepeta mtama. Alizisoma polepole, akanirudishia.

"Anakusanya ngozi ya miguuni," akasema.

Nikamwambia Mungu yupo, asijitie hofu, mbona Mabula hajaguswa.

"Mabula ni mwanawe. Atamwacha wa mwisho." Akarudi kwenye ungo wake. "Mimi nilimeza mbili, Athanas, za kujaribu, kabla sijampa kaka. Sikukuambia uniandike."

Nikamshika mkono nimfariji. Ulikuwa wa baridi tayari.