Njia Iliyotengewa Hospitali ya Misungwi

Siku ya kwanza kuripoti kazini, kwenye chumba cha mitambo ya simu Mwanza, nilimkuta Mhandisi wetu, mama wa Kihaya asiyecheka ovyo. "Marahaba," aliitikia shikamoo yangu. "Nenda Misungwi, kiwanda cha pamba. Kaa pale asubuhi nzima uone wanavyotumia laini. Ukirudi ndiyo utagusa mtambo."

Nilinuna. Nimesoma miaka yote hiyo, halafu nikakae na wapima pamba! Kumbe kwake hakuna aliyempangia mteja huduma kabla ya kwenda kukaa naye.

Nyie vijana mkisikia ATM mnafikiria mashine ya kutolea hela. Yetu ilikuwa mtandao, jamani. Sauti na data vyote vilikatwakatwa vipande vidogo vya ukubwa mmoja, vikapita pamoja. Ndani yake tulichora saketi pepe, yaani njia ambayo mteja anaiona kama yake peke yake, na kila njia tuliichagulia aina ya huduma. Kasi ya kudumu ilitengewa nafasi. Hata mteja akinyamaza, nafasi yake haiguswi. Kasi ya kubadilika ilipanda na kushuka kulingana na mahitaji. Waliobaki walipita pakiwa wazi.

Sasa laini ya Misungwi ilitosha kasi ya kudumu moja tu. Kiwanda kiliitaka. Hospitali nayo iliitaka, ili daktari wa kule aelekezwe na bingwa wa Mwanza huku akipasua mgonjwa.

Meneja wa Kanda akaja juu. "Mama, kiwanda ndiyo mteja mkubwa. Wape!"

Mhandisi akanigeukia. "Wewe umekaa kule. Wanatuma nini?"

"Uzito wa pamba, mama. Unakuja kwa mkupuo, halafu kimya."

"Umesikia, Meneja? Uzito ukichelewa kidogo, pamba haiozi. Sauti ya bingwa ikikatika, mtu anakufa."

"Ukikaidi nakuhamisha."

"Nihamishe. Njia ya hospitali siitoi."

Kiwanda kikapewa kasi ya kubadilika, kikaona inatosha, kelele zikaisha. Mama wa watu akahamishwa hivyo hivyo. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma.

Nimestaafu, nipo zangu Mkolani, na mitambo ile iling'olewa zamani. Mabosi nimepata wengi, ila wa kumvulia kofia ni yule. Alikuwa anafunga mizigo nilipomkimbilia na habari kwamba Misungwi wamempasua mama mjamzito, bingwa akielekeza kwa simu, na mama na mtoto wote wazima.

"Sauti ilikatika?" akaniuliza.

"Hata mara moja, mama."

Akakaa juu ya sanduku lake, akalia.