Siku nilipoipasua redio ya marehemu baba ili mama asikie harusi ya binti yake (kwa mnaosema "ni Bluetooth tu hiyo")

Wakuu, nawasalimu wote, wakongwe wa jukwaa na mliojiunga jana.

Kuna uzi hapa jamaa anashangaa spika yake ya Kichina imekubali simu ya Kikorea bila hata kuulizana kabila. Watu wakamjibu, "ni Bluetooth tu hiyo mzee." Nikacheka peke yangu. Hiyo "tu" yenu mimi niliilipia jasho, na leo nawapa kisa chote. Sijasimuliwa na mtu, kimenikuta mwenyewe.

Mnivumilie Kiswahili changu. Nimezaliwa Likasi, Katanga, na huko tunaongea kivyetu: "minye" ni mimi, "weye" ni wewe, "njo" ni ndiyo au ndiye.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kinakufa taratibu, mashine moja leo, nyingine kesho. Mimi nilikuwa fundi wa atelier, yaani karakana, ya vyombo vya mawasiliano. Kazi ikiisha saa nne asubuhi, mnakaa mnatazamana mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Mdogo wangu wa mwisho, Odette, alikuwa anaolewa. Baba alishafariki, kwa hiyo mimi kaka mkubwa ndiye wa kumsindikiza kanisani.

Wiki mbili kabla ya harusi mama akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Daktari alimrudisha nyumbani na kumfunga mguu kwa kamba, tofali likining'inia mwisho wa kitanda kuuvuta. Akasema asisogezwe hata kidogo, wiki sita. Matangazo ya ndoa yalishasomwa Jumapili tatu, na bwana harusi alikuwa amepata kazi Kolwezi, wanangojwa huko.

Odette akalia, akataka kuahirisha. Mama akamkatalia.

"Muende mufunge ndoa yenu," akasema. "Minye nataka kintu kimoja tu. Nisikie mutoto yangu anaitika 'ndiyo' mbele ya padri."

Kutoka kitandani kwake mpaka kanisani ni kama mita mia tatu. Nikamwambia, mama, utasikia.

Wakuu, sikuwa nabahatisha. Kwenye atelier kulikuwa na talkie-walkie zilizokufa, zimejaa droo nzima. Nikang'oa transistor moja, capacitor chache, nikasokota coil ya waya wa shaba, nikaunganisha na kipaza sauti na betri. Nimetengeneza mic ya FM, inarusha mita mia nne ukiinua antena vizuri. Nikaiweka karibu na 90 kwenye dial. Enzi hizo FM yetu pale Likasi ilikuwa kimya kabisa, habari zote tulisikiliza short wave. Uwanja mzima ulikuwa wangu.

Padri alipoisikia akafurahi kuliko mimi. Kanisa lilikuwa dogo, watu wa harusi hujaa mpaka uani. Akatangaza: mwenye redio yenye FM aje nayo, wa nje nao wafuate misa.

Basi nikapita nyumba kwa nyumba kufanya test. Redio ndogo ya Kichina ya jirani, imeshika. Radiocassette ya Kijapani ya mwalimu, imeshika. Redio ya gari la mzee muuza mkaa, hiyo nayo imeshika. Makampuni hayajuani, nchi hazijuani, lakini wote wanasikia sauti ile ile. Nikaanza kutembea kifua mbele, watu wananiita engineer na mimi naitika.

Redio moja tu sikuitest. Ya mama.

Sababu mtaicheka, ila waliokulia kwetu wataielewa. Betri zilikuwa adimu. Mama alikuwa na sita kubwa, kila siku anaagiza zianikwe juani kwenye bati zipate nguvu kidogo. Kila nikitaka kuziweka nijaribu, ananizuia.

"Papa, hapana kugusa pile yangu. Zinangoja siku yake."

(Ananiita Papa kwa kuwa nimechukua jina la baba yake.)

Na mimi nikajiambia, redio ni ile kubwa ya baba, imara, kila jioni ilikuwa inatuletea habari. Kitufe cha FM kipo, kimeandikwa. Nina wasiwasi gani?

Jumamosi, misa saa nne. Saa mbili na nusu nikaweka betri. Mke wangu Véro yuko kanisani na mic, tumekubaliana ahesabu moja, mbili, tatu bila kukoma mpaka nirudi.

Nikabonyeza FM. Kimya.

Nikazungusha sindano mwanzo mpaka mwisho, bado kimya. Nikatoka nje, redio ya jirani iko dirishani, Véro anahesabu safi kabisa.

Nikarudi, nikapiga magoti mbele ya dial, kwa mara ya kwanza maishani nikasoma namba za FM za redio ile. Zilianza 65 zikaishia 73.

Jasho likanitoka. Baba aliipata kwa rafiki yake aliyesoma Urusi. Kumbe wenzetu kule FM yao waliiweka mahali pengine kabisa. Redio nzima, mic nzima, ila hazina mahali pa kukutania. Na miaka yote ile nyumbani hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kubonyeza kile kitufe.

Mtaniuliza, si ungeazima tu ile ya jirani? Nilimwambia mama hivyo hivyo. Akageuza uso ukutani.

"Odette hana baba wa kumupeleka," akasema. "Nilitaka hii redio ya baba yake njo inipatie ile sauti. Tusikie wote wawili."

Nikaacha habari ya kuazima.

Njia zikabaki mbili. Kwanza, nikimbie kanisani niishushe mic mpaka 70. Mama atasikia, lakini uani redio zote zitakuwa maboksi. Sitawafichia, niliitamani hiyo. Ni mama yangu, wale wa uani watanisamehe. Lakini kati yao walikuwemo wazee waliotoka mpaka vijiji vya ziwa Tshangalele na samaki wa karamu kichwani. Niwafungie mlango mimi?

Njia ya pili, niipasue redio ya baba na kuipandisha yenyewe mpaka 90. Mkono ukiteleza, imekufa, short wave na kila kitu. Nikamweleza mama bila kumficha.

Akaitazama redio. Kisha akasema, "Fungua. Weye njo fundi."

Nikafungua. Vumbi la baba lilikuwa bado mle ndani. Nikakata capacitor moja ndogo, halafu nikachonga njiti ya kiberiti nikaanza kuachanisha mizunguko ya coil, taratibu, unywele kwa unywele. Suti nimeivaa, bisibisi mdomoni, saa inakwenda.

Saa tatu na dakika arobaini redio ikakohoa, kisha ikasema, wazi kabisa, kwa sauti ya Véro:

"…mbili, tatu, niko nachoka. Bwana yangu angeoa redio tu, minye ningebaki kwetu."

Uani wote wamesikia. Mama alicheka mpaka tofali likayumba, anacheka huku analia maumivu ya mguu.

Nikaiacha wazi hivyo hivyo, matumbo nje, nikakataza mtu asiiguse. Nikakimbia. Odette alikuwa mlangoni na shela yake, ananitafuta kwa macho.

"Yaya, mama anasikia?" (Yaya kwetu ni kaka mkubwa.)

"Anasikia."

Hapo nilimwambia nisichokijua. Betri zile ni za juani, coil inashikiliwa na njiti. Ilipofika zamu ya Odette kuitika, sauti ikamkauka, akasema "ndiyo" ndogo sana, mimi niliyesimama nyuma yake niliisikia kwa shida. Moyo ukaniuma kweli. Kazi yote ile, na neno lenyewe limepotelea kwenye maua aliyoyashika.

Misa ilipoisha hatukungoja picha. Maharusi, mimi, Véro, moja kwa moja chumbani kwa mama. Redio ilikuwa bado inaunguruma kidogo, mkono wa mama uko juu yake.

Akamvuta Odette karibu.

"Ile 'ndiyo' yako ilikuwa kadogo," akamwambia. "Nikaogopa padri hatasikia. Nikaitika pamoja na weye, kwa nguvu, mara mbili. Yangu na ya baba yako."

Odette akapiga magoti pale na shela yake. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia antena.

Nilichojifunza: vitu viwili vinaweza kuwa vizima na bado visisalimiane, kwa kuwa walioviunda hawakukaa meza moja. Bluetooth ni watu waliokaa wakakubaliana mapema, tukutane hapa, tuongee hivi, ili wewe usihitaji njiti ya kiberiti. Na fundi mwenzangu unayesoma hapa, ukimtengenezea mtu kitu, anza test kwa kifaa cha mtu huyo huyo, usianze na vya majirani wanaokusifia.

Haya, zamu yenu. Nani kati yenu amewahi kukwama kwa chombo kizima kilichogoma kuelewana na mwenzake, na kilikuwa kinangojewa na nani? Nitajibu wote, hata wabishi.